"Give Up" na Ngome za Maaskofu: Kimombo Ambacho Hatukufundishwa

Kuna msomi mmoja hapa mjini ambaye nina hakika mnamfahamu. Pengine ni wewe. Digrii anayo, na akikaa kuandika barua ya kuomba kazi, Kimombo chake kinang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Anajua "postpone", anajua "tolerate", anajua "extinguish". Mwambie "The meeting has been postponed", anaelewa hata akiwa usingizini. Mwambie "They put it off", anaanza kutafuta swichi.

Rafiki yangu mmoja alifanyiwa usaili kwa simu na Mwingereza. Akaulizwa kama huwa "gets on" na wenzake, na kwa nini kampuni yake ya zamani "let him go". Yeye akaelewa kwamba anaulizwa kama huwa anapanda gari moja na wenzake, na kama walikuwa wanamruhusu kwenda likizo. Akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba wale ni watu wazuri, walikuwa wanam-"let go" kila Desemba. Kazi hakupata. Alichoulizwa kilikuwa kama anaelewana na watu, na kwa nini aliachishwa kazi. Na huyu jamaa, nawahakikishia, Kiingereza alifaulu tangu kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu.

Wenyewe wanaviita "phrasal verbs". Mimi hapa nitaviita vitenzi ambatani, maana ndiyo kazi yake: kitenzi kifupi kinaambatana na kineno kama "up", "off", "out" au "in", na vikishaambatana vinazaa maana ambayo hukuiona kwa baba wala kwa mama.

Sisi waandishi wa habari tunakumbana navyo kila siku kwenye habari za mashirika ya nje. Chukua "break" peke yake. Mazungumzo ya amani yaki-"break down", yamekwama. Upande mmoja uki-"break off" mazungumzo hayohayo, umeyakatisha kwa makusudi. Vita viki-"break out", vimezuka. Wafungwa waki-"break out", wametoroka. Kundi likijitenga na chama lime-"break away", na chama chenyewe kikisambaratika kime-"break up". Mwizi akivunja nyumba ame-"break in". Sasa hebu fikiria mtafsiri wa zamu ya usiku anachanganya "down" na "off". Kesho yake gazeti limemtwisha kiongozi fulani lawama ya kuua mazungumzo ambayo yalikufa yenyewe. Si jambo dogo hilo.

Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia historia ya hivi vidudu, na nilichokikuta kimeniondolea kabisa ile tabia ya kuviona kama orodha ya kukariri. Vina ukoo, vina safari, na kuna sababu kwa nini havikutufikia.

Tuanzie mbali. Kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na desturi ya kukiweka kineno mbele ya kitenzi, mara nyingi kikiwa kimegandana nacho. Masalia yake bado tunayo: "understand", "overcome", "forgive", "withstand". Hicho "with" cha kwenye "withstand" enzi hizo kilikuwa na maana ya "dhidi ya", yaani kusimama dhidi ya kitu, kukihimili. Ndiyo maana mpaka leo ukisema ume-"fight with" mtu, msikilizaji makini atakuuliza: mlipigana wenyewe kwa wenyewe, au mlipigana upande mmoja?

Baadaye desturi ikageuka, kineno kikahamia nyuma. Lakini lugha haina kawaida ya kutupa nguo za zamani, ikabaki na mitindo yote miwili kabatini. Hapo ndipo penye raha kwa mtu anayependa maneno. "Uphold" na "hold up" zimejengwa kwa matofali yaleyale. Mahakama ya Rufani iki-"uphold" hukumu, imeikubali. Foleni ya Morogoro Road iki-"hold up" safari yako, imekuchelewesha, na majambazi waki-"hold up" benki, wamekwenda na silaha. "Overlook" ni kupitiwa, usilione kosa. "Look over" ni kulikagua, yaani karibu kinyume chake. "Overtake" ni kulipita gari jingine. "Take over" ni kushika madaraka, wakati mwingine kwa kifaru. "Outbreak" ni mlipuko wa kipindupindu, na "break out" tumeshaiona. Atakayekwambia Kiingereza ni lugha yenye mantiki, mpe jozi hizi akae nazo wiki nzima.

Nini kilichokisukuma kineno nyuma? Wataalamu wanabishana, na sababu hazikuwa moja, ila mgeni mmoja hatajwi kwa bahati mbaya: Waskandinavia. Tangu karne ya 9, Wadenmark na Wanorwe walikuja kwa mapanga, kisha wakabaki kwa majembe, wakakaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakaoa, wakafanya biashara. Lugha yao na ya wenyeji zilikuwa ndugu, mfano wa Msukuma na Mnyamwezi wanapokutana sokoni: kila mmoja anasema chake na mbuzi ananunuliwa. Lugha ya hawa wageni nayo ilipenda kukiacha kineno nyuma ya kitenzi. Tena walileta vitenzi vyenyewe. "Take" ni ya kwao. "Get" ni ya kwao. Hata "give" kwa hiyo "g" nzito inayotamkwa leo ni matamshi yao. Mwingereza wa zamani alikuwa anasema kitu chenye sauti ya "y". Ondoa "take", "get" na "give" kwenye kamusi ya vitenzi ambatani uone kinachobaki.

Sasa tuingie kwenye ngome. Katika nyumba ya watawa ya Peterborough, eneo ambalo Wadenmark walikuwa wamelikalia, watawa walikuwa wanaandika kumbukumbu za kila mwaka kwa Kiingereza, na waliendelea kufanya hivyo hata baada ya wakubwa wote kuhamia kwenye Kifaransa na Kilatini. Kumbukumbu hizo zinaishia mwaka 1154. Mtawa wa mwisho anasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyowakamata maaskofu waliokuwa na nguvu kupita kiasi, Roger wa Salisbury na Alexander wa Lincoln, akawatupa gerezani mpaka walipokubali kukabidhi ngome zao. Wanahistoria wanaliweka tukio hilo mwaka 1139, mjini Oxford. Na mtawa yule, alipofika kwenye neno la kukabidhi, aliandika "give" na "up" vikifuatana, kwa tahajia ya zama zake ambayo "g" bado imeandikwa kama "i", sauti ya "y" niliyoisema.

Hiyo ni mojawapo ya mara za kwanza kabisa tunapokiona kitenzi ambatani cha sampuli ya leo kwenye maandishi. Angalia maana yake: kutoa kitu ulichokishika, ukimpa aliye juu yako. Ngome zinapanda kwa mfalme. Hapo "up" bado ina mantiki ya macho. Kisha watu wakaanza ku-"give up" vitu visivyoshikika: haki, madai, matumaini. Mwisho kabisa kile kinachotolewa kikadondoka, ikabaki "give up" peke yake, yaani kukata tamaa. Kutoka ngome mpaka moyo. Na hiyo "up" nayo ikazoea maana ya pili, ya kumaliza kabisa, kama chombo kinachojaa mpaka juu: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia mpaka kiishe. Ukishalijua hilo, vitenzi kadhaa vya "up" vinaacha kukupiga chenga. Si vyote, lakini kadhaa.

Huku nyuma ya watawa, Wanormani walikuwa wameshika mahakama, kanisa na ikulu. Kwa karibu miaka 300 mwenye cheo alisema Kifaransa na mwenye elimu aliandika Kilatini. Mwaka 1362 ndipo ikatungwa sheria ya kuruhusu mashauri mahakamani yazungumzwe kwa Kiingereza, na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Bwana mkubwa aki-"enter", mkulima ana-"go in". Mmoja ana-"continue", mwingine ana-"go on". Wa juu ana-"tolerate", wa chini ana-"put up with", na kwa hali ya wakulima wa wakati ule nadhani walikuwa na mengi ya ku-"put up with". Vitenzi ambatani vikawa lugha ya shambani, jikoni na kilabuni, vikazaliana huko bila mwalimu wa kuvisimamia.

Shakespeare, ambaye alikuwa anauza tiketi kwa mabwana na kwa makuli pamoja, alivitumia bila aibu. Kwenye Julius Caesar, ile tamthilia iliyochezwa London mwaka 1599 na ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, Casca anasimulia jinsi Kaizari alivyoletewa taji mara tatu. Hasimulii kishairi; anasimulia kama mtu wa kijiweni, na kila mara Kaizari ana-"put by" lile taji, analisukuma kando. Leo ukisema ume-"put by" kitu, watu watakuelewa kwamba umeweka akiba ya pesa. Maneno ni yaleyale mawili, ila karne zimeyabadilishia kazi.

Wasomi hawakufurahi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimsema marehemu Ben Jonson kwa kuiacha sentensi iishie na kineno, kitu ambacho Kilatini hakiruhusu. Kuanzia hapo walimu wa sarufi wakapata fimbo. Fimbo hiyo ilifika mpaka kwetu kwa meli.

Kisha anakuja Samuel Johnson. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1755, baada ya karibu miaka 9 ya kazi na wasaidizi 6. Johnson alikuwa mpenzi mkubwa wa maneno ya Kilatini. Rafiki yake Boswell anasimulia kwamba siku moja Johnson aliikosoa tamthilia moja kwa maneno mafupi ya kienyeji, akanyamaza, akaona hayana hadhi, akairudia hoja ileile kwa maneno marefu ya Kilatini. Lakini mtu huyohuyo, alipokaa na kamusi, alikuwa mkweli kuliko wote waliomtangulia. Kwenye dibaji yake alieleza kwamba Waingereza wana mazoea ya kubadilisha maana ya kitenzi kwa kukiongezea kineno, na kwamba hakuna kinachowatesa wageni kama hicho. Akavikusanya kimoja kimoja. Neno "take" peke yake alilipa maana zaidi ya 130. Wageni hao aliokuwa anawahurumia ni sisi, zaidi ya karne moja kabla hatujakutana na lugha yake.

Jina lenyewe "phrasal verb" lilichelewa sana. Logan Pearsall Smith ndiye aliyelitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1925, akisema amepewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Yaani watu walivitumia kwa miaka 700 na ushee kabla ya kuvipatia jina.

Kioja ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1930. Msomi wa Cambridge aitwaye C. K. Ogden alitangaza Kiingereza Chepesi, "Basic English", chenye maneno 850 tu, ili dunia nzima ijifunze haraka. Vitenzi aliacha 18! Watu wakashangaa, vitenzi 18 vinatosha vipi? Jibu: alifukuza "enter" akabaki na "go in", akafukuza "tolerate" akabaki na "put up with". Kwa mahesabu yake "put", "up" na "with" tayari unazijua, kwa hiyo hujajifunza neno jipya. Ujanja wa muuza duka huo. Mwanafunzi alihesabiwa maneno 850, kisha akakuta mlangoni mamia ya maana ambazo hazimo kwenye bei. Winston Churchill aliupigia debe mpango huo Harvard mwezi Septemba 1943. Rais Roosevelt akamtania baadaye kwamba kwa lugha hiyo, ile ahadi yake maarufu ya vita ingekuwa ya damu, kazi, maji ya macho na maji ya uso.

Haya, turudi nyumbani. Kiingereza kilichotufikia Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza kilikuja na bwana shauri, mmisionari na mtihani wa Cambridge. Hakikuja na mama wa Kiingereza anayemwambia mwanawe "hurry up, get up, put that down". Tulipewa lugha ya jalada. Hata baada ya uhuru, ilipofika mwaka 1967 Kiswahili kikashika shule za msingi na Kiingereza kikabaki sekondari, kilichobaki kilikuwa kile cha vitabu vya biolojia na historia: "photosynthesis", "colonialism", "consequently". Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza sekondari zetu wakakuta wanafunzi wengi hawawezi hata kujifunzia kwa lugha hiyo. Na bado tulifundishwa kudharau kile kidogo cha mitaani. Mwalimu wangu mmoja alikuwa anakata kila "get" kwa wino mwekundu na kuandika "obtain". Aliona anatupandisha daraja. Ngazi yenyewe ilikuwa ya mwaka 1066.

Tusijione tumeonewa peke yetu, lakini. Kiswahili nacho kina Kilatini chake, yaani Kiarabu. Ofisini tuna-"ahirisha" kikao, jikoni tunasogeza mbele shughuli. Na mtego wetu sisi ni mkali kuliko wa "get". Mgeni anafika Dar, anafundishwa kwamba "kata" ni kutenganisha kwa kisu. Siku ya pili anasikia watu wanakata tiketi, wanakata kona, wanakata simu, wanakata rufaa, wanakata kiu. Jirani amekata roho. Na yeye akichoka, tunamwambia asikate tamaa, ambayo ni "give up" yenyewe. Bado hajafika kwenye "piga", ambapo tunapiga pasi, mswaki, kura, picha, hodi, magoti na chafya, na hakuna aliyeumia. Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 ilisimamiwa na mtu mwingine aitwaye Johnson, Frederick, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, aliyefariki kabla haijatoka. Chini ya "piga" kuna orodha ndefu ya mifano. Nadhani Johnson wa kwanza angempa mkono wa pole.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba hivi vitenzi tulishavipokea zamani bila kujua, kwa mlango wa nyuma, vikiwa vimevaa nguo za nomino. Pikapu inayobeba viazi kutoka Lushoto ni "pick up". Chekapu ya hospitali ni "check up". Pushapu za jeshini. Mekapu ya bibi harusi ni "make up" ya waigizaji wa jukwaani, na "make up" hiyohiyo nyumbani kwao ni pia kutunga uongo na kupatana baada ya ugomvi, mambo ambayo hata kwenye harusi hutokea. Kila mara "up" imekuwa "apu" na maisha yameendelea.

Hata hili la ku-"log in" ambalo kila mtu sasa analisema. "Log" ni gogo. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wanatupa kipande cha ubao chenye kamba baharini ili kupima mwendo wa meli, kisha wanaandika kipimo kwenye daftari, na daftari likaitwa kwa jina la gogo. Miaka ya 1960, watu walipoanza kugawana kompyuta moja kubwa, ilibidi kila mtu aandikwe anapoingia, kama kwenye daftari la meli. Kwa hiyo kila asubuhi ukiingiza neno la siri, unatupa gogo majini.

Na tumeanza kuwarudishia wenyewe. Sikiliza Kiingereza cha Nairobi au Dar: mtu hakuja ku-"pick up" rafiki yake, amekuja ku-"pick" tu. Simu hui-"pick up", una-"pick". Ila kwenye "cope", ambayo Mwingereza huiacha bila kineno, sisi tumeiongezea "up", tuna-"cope up with" maisha. Tumenyofoa "up" pale tukaipachika hapa. Walimu wanakata kwa wino mwekundu, na Waingereza wanacheka. Yule mtawa wa Peterborough naye, siku alipoandika "up" yake, wasomi wa Kilatini waliokuwa chumba cha pili sidhani kama wangempa hata alama moja.